Mama Povu Alivyojisafisha

Mawifi hatusifiani, hilo najua. Ukimsikia mtu anamsifu wifi yake, ujue mmoja wao yuko kaburini, au yuko nyuma ya mlango anasikiliza. Wa kwangu hayuko kaburini, na nyuma ya mlango hayupo, kwa hiyo nitakayoyasema yachukueni kama yalivyo.

Alikuwa mfuaji wa hospitali. Nyumba ya kufulia ilikuwa nyuma ya wodi, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyolika, mapipa ya kuchemshia upande mmoja na masinki marefu upande wa pili, na mfereji katikati wa kupitisha maji machafu. Shuka zilikuja kwa mafungu: za wazazi, za majeruhi, za wenye kuhara. Yeye ndiye aliyewafundisha wageni wa kazi kwamba damu inaloweshwa kwanza kwa maji baridi, kwamba ukikimbilia ya moto umeshaipika na haitoki tena mpaka kiama. Wenzake wakamwita Mama Povu. Jina likamganda hadi mtaani, na mwanawe alipoulizwa shuleni mama yako anaitwa nani, alijibu hivyo hivyo bila kupepesa macho.

Blanketi likitoka majini linakamuliwa na watu wawili, huyu ncha hii, yule ncha ile, kila mmoja anasokota upande wake. Hakuna aliyependa kushika ncha ya pili akiwa yeye ameshika ya kwanza. Alisokota mpaka yako inakuponyoka, ukabaki unatazama viganja. Mimi nilijaribu siku moja nilipompelekea ujumbe wa nyumbani, na siku kadhaa baadaye nilikuwa bado sishiki mkasi sawasawa, na mimi ni fundi cherehani, mkasi ndio riziki yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi," akasema, "mikono yenu nyinyi ni ya kupapasa vitambaa tu."

Tabu yake ni kwamba usafi hakuuacha kazini. Kwake duniani kulikuwa na safi na chafu, basi, na kilicho chafu kinachemshwa. Alichemsha vikombe, alichemsha vijiko, alichemsha mpaka kamba ya kuanikia. Mwanawe alipokuwa mdogo tulimtania, tukimwambia angalia mama yako asije akakutia kwenye pipa. Na tumbo lake nalo alilihesabu kuwa ni nguo. Kila Jumamosi alikoroga chumvi ya haluli kwenye maji ya vuguvugu, akafumba macho, akaimeza yote kwa mkupuo mmoja, kisha mchana kutwa ni kwenda chooni na kurudi. Jioni macho yamemwingia ndani, midomo imekauka, anasema amekuwa mwepesi. "Tumbo lisilosafishwa ni shuka ya mgonjwa," ndiyo ilikuwa kauli yake. Na likinguruma katikati ya wiki, alipita duka la dawa akachukua vile vidonge vya rangi mbili, viwili au vitatu, wala si dozi, vya kuua wadudu tu. Muuza dawa hakumuuliza kitu. Nani wa kumuuliza Mama Povu.

Mimi nilisema. Nilimwambia, wifi, haluli ni ya mtu aliyefunga choo, si ya kuinywa kila Jumamosi kama ibada. Akaniambia niangalie nyuzi zangu.

Sasa kaka yangu, mumewe. Alikuwa fundi bomba, mtu mrefu wa mifupa mipana, anayejipenyeza chini ya masinki ya watu huku anaimba. Kiharusi kilimkuta kazini kwa mteja. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yamebaki machache, kila moja analitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Akili ilikuwa palepale. Hilo watu hawakulielewa, wakawa wanamsemesha kama mtoto wa chekechea, naye anawatazama tu.

Mama Povu alikuwa ameshastaafu. Alimpokea mume kama alivyokuwa akipokea mafungu ya shuka, kwa utaratibu na bila kuguna. Alimlaza juu ya shuka iliyokunjwa, ya kumgeuzia, kama alivyowaona wauguzi. Asubuhi anamkalisha ukingoni mwa kitanda, anaweka goti lake katikati ya magoti ya mume, mkono mzima wa kaka unazunguka shingo yake, anasema, "Haya mzee, twende," anamnyanyua, anamzungusha, anamweka kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Baadaye anamrudisha. Jioni tena. Na kaka, jamani, alikuwa mzito. Hakupata kidonda cha kulalia hata kimoja, na wageni wakija alikuwa anamgeuza mume wa watu awaonyeshe mgongo, kaka anaona haya mpaka masikio.

Mtoto wao ni mmoja, wa kiume, anafanya kazi katika ghala la saruji mji mwingine. Analala chumba kimoja na mke na watoto. Ni kijana mwema, simsemi vibaya. Alipoona hali ya baba yake alizungumza na nyumba moja ya kulelea wazee karibu na kwake. Huko wanapokea wasiojiweza tu, na mama yake alikuwa anajiweza, kwa hiyo nafasi ni ya baba peke yake. Akaja kusema, kwa adabu, mbele yangu.

"Mama, mimi sikunyang'anyi baba. Lakini siku utakayoshindwa kumwinua, nitamchukua. Sitaki kungoja nipigiwe simu kwamba mmeanguka wote wawili."

"Siku hiyo haipo," akasema mama yake.

"Na ikiwepo?"

"Ikiwepo, mchukue."

Alilitamka hivyo, na mimi ni shahidi. Tulipobaki wawili jikoni akaniambia, "Wifi, wakimchukua huyu mimi nitabaki nafua nini?" Alilisema kimzaha, lakini hakucheka. Tangu aolewe hakuwahi kulala nyumba moja na kaka akalala nyingine, ukiacha siku za kujifungua na siku za hospitali. Ndiyo kusema kila asubuhi, alipoweka goti lile katikati ya magoti yale, alikuwa anaishikilia ndoa yake kwa mikono.

Na mikono ilianza kumsaliti.

Kaka alipokuwa amelazwa, yeye naye aliharisha vibaya sana, wakampa dawa kali. Kuhara kulikoma, lakini tumbo halikurudi kuwa tumbo. Likawa linajaa gesi, linanguruma, chakula kinapita kana kwamba kina haraka ya kwenda kwingine. Mtu mwingine angelipumzisha. Yeye akaongeza haluli ya Jumatano, na vidonge vya rangi mbili vikawa kama peremende.

Nguvu zikaondoka kimya kimya. Uso ulikuwa uleule, kitambi kilikuwa kilekile, kwa hiyo macho yalidanganyika. Mimi niliona kwenye kitambaa. Nilimpima gauni jipya, nikakuta mkono wa juu, ule uliokuwa unanitatulia mishono, umebaki ngozi inayoning'inia na mfupa ndani yake. Akaanza kuniita nimfungulie vifuniko vya chupa. Mama Povu, kufunguliwa chupa na mimi. Siku moja nilimkuta kwenye kigoda uani, amemaliza kuchambua mboga, amekaa tu. Nikadhani anapumzika. Kumbe alikuwa anangoja nifike, kwa sababu hakuweza kusimama na hakutaka kumwita jirani.

Na kule chumbani, kile kitendo cha kumnyanyua kaka kikawa na kituo katikati. Ananyanyua, anakwama, wanabaki hivyo shavu kwa shavu, anahema, kaka naye anajikaza kwa mguu wake mmoja kumsaidia. Juma moja waliangukia kitandani wote wawili. Yeye akasema ameteleza. Nikamwambia sakafu ni kavu. Akaniambia sakafu ni yake.

Nilimpeleka kliniki kwa ugomvi. Daktari alikuwa binti mpole, anasikiliza mtu mpaka mwisho. Alimpa chombo cha kubana kwa kiganja, chenye mshale. Wifi yangu alikibana mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mshale ukasogea kidogo kisha ukasimama hapo hapo. Akamwambia, mama, hebu inuka kwenye kiti bila kushika popote, mikono kifuani. Akajaribu. Akajaribu tena. Nikageuka nikasoma tangazo la ukutani, maana kuna mambo hayatazamwi.

Ndipo daktari akamuuliza habari za chakula na dawa. Wifi yangu akachangamka. Akamweleza haluli, Jumamosi na Jumatano, akamweleza vidonge, kwa fahari, kama mwanafunzi anayetaja sala zake mbele ya mwalimu. Binti yule aliweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria, wengi mno, wa kila aina. Wengi wao si maradhi. Wanakula yale makapi tunayoshindwa kuyasaga, na wao wanatoa vitu ambavyo mwili unavitumia, hata misuli inafaidika. Mtu akizeeka jamii yao inabadilika, wengine wanapotea. Wataalamu wanaona kwamba wazee wengi wanaopoteza misuli, jamii hiyo ndani yao imevurugika. Sisemi kila kitu kinatoka tumboni. Umri upo, chakula kidogo kipo, kuharisha kupo, na mambo haya bado yanachunguzwa. Lakini wewe unawaua na kuwamwaga mara mbili kwa wiki, na chakula unakimwaga pamoja nao. Misuli itajengwa na nini?"

Alimweleza vizuri, mimi fundi cherehani nilielewa. Aache haluli. Aache vidonge visivyoandikwa na daktari. Ale maharage, mayai, mboga, matunda na maziwa ya mgando, ambayo nayo yana bakteria wazuri, na kila siku afanye mazoezi ya kukaa na kuinuka. Haitakuwa upesi, akasema, lakini inawezekana kupata nafuu.

Tulitoka pale mimi nimefurahi. Yeye kwenye kona ya pili akatema mate kando ya barabara, na hakuwa mtu wa kutema mate.

"Wengi mno," akasema. "Umemsikia? Ndani yangu mimi."

"Wifi, ndani ya kila mtu. Na amesema ni wazuri."

"Bakteria mzuri ninamjua mimi. Ni yule aliyechemka." Akatembea kidogo. "Miaka yote ile natoa uchafu wa watu, kumbe mwenyewe ni jaa linalotembea."

Hapo ningekuwa na akili ningejua. Daktari alimwambia ukweli wote, na mtu mwingine yeyote angesikia kwamba anaua kinachomfaa. Yeye alisikia kwamba bado hajamaliza kazi.

Nikawa namletea maziwa ya mgando kila siku mbili tatu. Bilauri naikuta imeoshwa, inametameta, nashukuru Mungu. Siku moja nikafika mapema, nikakuta sufuria jikoni inatokota kitu cheupe kimekatikakatika, maji huku, mabonge kule. Nikamuuliza hicho nini.

"Maziwa yako."

"Unayachemsha?"

"Yana wadudu. Daktari kasema mwenyewe yana wadudu."

"Wifi yangu, hao wadudu ndio dawa yenyewe."

"Dawa gani iliyo hai," akasema, akageuza mwiko. Na zile mboga alikuwa anazilowesha kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia shuka kabla ya kuzipika mpaka zikawa uji. Na haluli hakuacha, alihamishia siku nisizokuja. Nilikasirika nikamwambia maneno ambayo wifi hamwambii wifi, naye akanijibu mengine, tukakaa karibu miezi miwili hatusemeshani, wala kwao sikanyagi. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, acha nishone nguo za watu.

Mwenye kuvunja ukimya alikuwa yeye. Alikuja mwenyewe mpaka barazani kwangu, polepole, ameshika ukuta, lakini uso unang'aa. "Njoo uone kitu," akasema.

Nikaenda. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Wifi akaweka goti, akaweka mkono, "Haya mzee, twende," na huyo, akamnyanyua. Hakukwama. Alimzungusha akamweka kitini, akasimama anahema, mikono kiunoni.

"Sema sasa," akaniambia. "Nimewasafisha wote, nguvu zimerudi. Mwambie binti yako daktari."

Nami nini, nikafurahi. Nilimkumbatia. Nilijiambia pengine mwili wa mtu ni kitu kingine, pengine daktari naye anakosea, yeye mwenyewe si alisema mambo bado yanachunguzwa. Kaka alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Tulimpigia simu kijana, mama yake akamtambia: njoo Jumapili uone nani hajiwezi.

Ijumaa nilikwenda kumpima kaka suruali mpya ya kulalia, asije akaonekana na matambara mbele ya mwanawe. Wifi alikuwa uani anaanika. Nikapitisha utepe kiunoni mwa kaka, nikadhani nimeushika vibaya. Nikaupitisha tena. Vipimo vya wateja wangu ninavyo kichwani, na cha kaka yangu ninakijua kuliko vyote, kwa sababu tangu tukiwa vijana suruali zake nashona mimi. Utepe ulizunguka ukaja kukutana mahali pa mtoto wa shule. Nikapandisha shati. Mbavu. Mkewe alikuwa anamwosha kila siku, na anayekuona kila siku haoni unavyopungua. Nikashika paja lake zima, lile la mguu mzima, vidole vyangu vikakaribia kugusana.

Sahani ya mchana ilikuwa mapajani mwake, viazi vilivyopondwa na maharage. Alikuwa anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na mkewe alikuwa anajivunia jambo hilo. Nikachungulia dirishani. Kuku wa jirani wote walikuwa pale chini, wamejipanga, wanatazama juu.

"Kaka," nikasema, "chakula unampa nani?"

Akanitazama. Hakuona haya hata kidogo. Akachota kijiko, akakitoa nje ya dirisha, akakikung'uta, kuku wakagombana. Halafu akaweka kijiko chini na kuanza kutafuta neno. Lilimchukua muda, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, nami namfuta.

"Ni… niwe… mwepesi."

Nilikaa kitandani. Kaka akanishika mkono kwa ule wake mzima, akanibana, akatikisa kichwa, na macho yake yakaenda uani kwa mkewe, yakarudi kwangu. Asiambiwe. Nilielewa, hakuhitaji kulitafuta neno hilo.

Siku mbili hizo nilichana nguo ya mteja mahali pasipotakiwa. Nikimwambia wifi, kaka atalishwa, uzito wake utarudi, na yeye hataweza kumnyanyua, na atachukuliwa. Nisipomwambia, kaka yangu atakwisha kiganjani mwake huku yeye anashangilia. Nilimkasirikia kaka. Nilimkasirikia wifi zaidi, na haluli yake, na muuza dawa, na kijana na sharti lake. Hata kuku niliwachukia.

Jumapili kijana akafika, amebeba matunda. Mama yake alikuwa amevaa gauni nililomshonea. Hakumruhusu hata kunywa maji. "Kaa hapo," akamwambia, "tazama." Goti, mkono, haya mzee, twende. Kaka alijisukuma kwa mguu wake, akaruka kabisa, nilimwona. Akatua kitini. Wifi akageuka kumtazama mwanawe, na uso ule sijauona tangu siku ya harusi yao.

Kijana akafuta macho. "Basi mama," akasema. "Nimeona. Baba abaki. Sitalisema tena."

Walipeana mikono kama watu waliomaliza kesi. Wifi akaanza kucheka, akasema atapika. Kaka akanitazama mimi peke yangu, na macho yale yalikuwa yananiomba.

Nikasema, "Mwanangu, kabla hujakaa, mrudishe baba kitandani wewe."

"Kwa nini, shangazi?"

"Mrudishe tu."

Akainama. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa baba anayemjua, akapeleka mikono yote miwili na kujikaza, na kaka akaja juu haraka kiasi kwamba kijana nusura apepesuke kinyumenyume. Akasimama katikati ya chumba, amempakata baba yake, hasogei. Aliushika ule mguu juu ya suruali, akaupapasa.

"Mama," akasema, "baba anakula nini?"

"Anakula," akasema wifi. "Kila siku sahani inaisha."

Hapo nikasema. Niliyasema yote, dirisha, kuku, na neno lile moja alilolitafuta. Sikulipamba. Kaka alifumba macho, mwanawe akamlaza polepole, na Mama Povu akabaki amesimama mahali pale pale alipomnyanyulia mumewe, mikono imening'inia. Aliitazama mikono ile. Ngozi ilicheza juu ya mifupa.

"Kumbe si mimi," akasema.

Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alipita katikati yetu akaenda jikoni, ameshika ukuta, akarudi na sahani ya maharage na mayai. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akachota kijiko akakipeleka mdomoni mwa kaka, na kaka akabana midomo akageuza uso upande wa ukutani.

"Fungua," akamwambia. Kaka akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, fungua. Mimi siwezi kukuweka hapa kwa njaa yako." Akaushika uso wake akaugeuza. Sasa alikuwa analia, machozi yanaingia kwenye sahani, na Mama Povu yule, aliyechemsha vijiko, hakujali. "Kula. Kula uwe mzito."

Kaka akafungua kinywa. Alikula huku anamtazama, na kila kijiko alichomeza sote tulijua kinampeleka wapi, na yeye alijua, na mkewe alijua. Kijana alitoka nje. Mimi nilibaki. Alimlisha mpaka sahani ikawa tupu, na siku iliyofuata hivyo hivyo, asubuhi, mchana na jioni, na dirisha akalifunga.

Gari la ile nyumba ya wazee lilikuja baada ya miezi miwili. Kaka alikuwa amerudiwa na mashavu. Walimbeba vijana wawili, na wifi alikuwa mlangoni anawaelekeza, shikeni hapa, huo mkono msiuvute, mgeuzeni kwa shuka. Alimfunga kifungo cha juu cha shati. Gari lilipokata kona alirudi ndani, akatandua kitanda, akakaa juu ya godoro tupu na shuka mapajani.

Nikakaa karibu naye. Nilitaka kusema jambo la maana, nikasema lile la kila siku. Nikamwambia, wifi, sasa jitunze basi. Acha haluli, kula kama daktari alivyosema, fanya yale mazoezi. Alisema inawezekana, nguvu zinaweza kurudi.

Alinitazama bila hasira.

"Zirudi," akasema, "nimnyanyue nani?"